Kabla ya Kurekebisha Saa, Tazama Imekosea kwa Kiasi Gani

Juma lililopita kivinjari cha kompyuta yangu ya Linux kilikataa kufungua karibu kila tovuti, kikidai kwamba vyeti vyake vya usalama bado havijaanza kutumika. Nilihangaika na mipangilio ya mtandao kwa muda mrefu kabla ya kutupia jicho pembe ya skrini, ambako tarehe ilikuwa imerudi nyuma miaka kadhaa.

Wengi huandika saa sahihi kwa mkono na kuendelea na shughuli zao. Mimi naona heri kupima kwanza ukubwa wa kosa, kwa sababu ndio unaomtaja mkosaji. Linux hutunza saa mbili: ya maunzi, inayoendeshwa na betri ndogo ya duara kwenye ubao mama, mara nyingi CR2032 ya volti 3, na ya mfumo, ambayo kerneli, yaani kiini cha mfumo, huihesabu kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 kwa UTC, saa ya marejeo ya dunia nzima. Mfumo unapowaka huazima wakati kutoka saa ya maunzi, kwa hiyo azima ikiwa mbovu, kila kitu huharibika. Amri ya `timedatectl` huzionyesha saa zote mbili pamoja na ukanda wa saa.

Kosa likiwa la miaka, shuku betri. Likilingana na tofauti iliyopo kati ya ukanda wako na UTC, na mashine ina Windows pia, basi mifumo hiyo miwili inagombea saa moja, maana Windows huiandika kwa saa za mahali ilhali Linux huitarajia iwe ya UTC. Dakika chache tu huashiria kwamba ulinganishaji kwa NTP, yaani njia ya kupata saa sahihi kupitia mtandao, umezimwa.

Kwangu yalikutana mawili: betri ilikuwa imekufa, na ulinganishaji niliuzima mwenyewe wakati wa majaribio nikasahau. Nilibadilisha betri, nikaandika `sudo timedatectl set-ntp true`, na baada ya sekunde chache saa ikakaa sawa. Kisha nikaandika `sudo hwclock --systohc` ili saa ya maunzi ifuate, ingawa kerneli iliyokwisha kulinganishwa kwa kawaida huifanya kazi hiyo yenyewe kila baada ya dakika 11. Ni papara yangu tu. Zilibaki faili za asubuhi ile zenye tarehe ya kale, nikazipitia moja moja kwa `touch`, amri ya kubadilisha tarehe ya faili.