Zamu ya asubuhi, wodi ya wanaume, Kigoma

Saa 12:20 asubuhi. Bodaboda kutoka Gungu, chapati mbili kwenye mfuko, upepo wa ziwani usoni.

Saa 1:30. Tunakabidhiana zamu. Wenzetu wa usiku wamechoka, wanasoma harakaharaka: cha 3 presha bado juu, cha 6 dripu imeisha, "cha 9 ni DNR, huyo hana kazi." (Namba za vitanda nimezibadilisha. Maneno sijayabadilisha.)

Cha 9 ni mzee wa Ujiji, zamani alikuwa akiuza dagaa, ana saratani ya ini iliyokwisha kusambaa. Dokta alikaa naye pamoja na mwanawe mkubwa, wakaelewana, akaandika na kusaini hiyo DNR, yaani amri ya kutomfufua: moyo ukisimama, asibonyezwe kifua wala asiwekewe mpira wa kupumulia. Basi. Hakuna pengine alipoandika aachwe.

Saa 2:15. Dawa. Mzee anapata morfini ya kunywa, kila baada ya saa 4. Anaitazama ile bomba ya kupimia, anasema, "Sista, leo umenipunja."

Saa 4:20. Mwanafunzi wa uuguzi anakuja mbio: mzee wa 9 haitiki. Nafika, namkuta kalowa jasho, ngozi ya baridi, anakoroma. Nashika shingo, mapigo yapo. Mwenzangu anasema akiwa palepale mezani, "Si yule wa DNR? Mwacheni apumzike."

Moyo unapiga, anapumua. Ile karatasi haijafikiwa. Tunamlaza ubavu, mwanafunzi anakimbilia kumwita dokta, namchoma kidole: sukari 1.6, iko chini mno. Ini likiharibika kiasi hicho halina akiba ya sukari, na tangu jana mzee alikuwa akirudisha chakula. Nikampa dekstrosi, yaani maji ya sukari, ya asilimia 50, mililita 50 kwenye mshipa, polepole. Haikuchukua muda akafumbua macho, akauliza nani kamwaga maji kitandani.

Simlaumu sana mwenzangu. Vitanda vingi, wauguzi wawili. Ukiwa hivyo, DNR inageuka njia ya kuamua nani umkimbilie. Ndiyo hatari yake. Mwanafunzi alipouliza hili jambo limetoka wapi, nikamweleza kuwa kubonyeza kifua kama tunavyofundishwa kulielezwa na madaktari wa Johns Hopkins, Marekani, mwaka 1960. Mwanzoni walengwa walikuwa watu ambao moyo umesimama ghafla, kwa mfano wakiwa kwenye nusukaputi. Baadaye ikawa kila anayekufa hospitalini anabonyezwa, na miaka ya 1970 hospitali za huko zikaanza kuandika amri za kuzuia. Zinazuia hicho kimoja.

Saa 6:10. Muda wa kuona wagonjwa. Mwanawe mkubwa kaleta ugali wa muhogo na migebuka. Amesikia habari za asubuhi.

"Sista, mimi nilidhani mmeshamwacha."

"Hatujamwacha, kaka. Akipaliwa tutamsaidia. Akipata homa atatibiwa, akibanwa pumzi atapewa oksijeni. Maumivu ndiyo kabisa."

"Na moyo ukisimama?"

"Hapo tutakaa naye tu, kama mlivyokubaliana."

Saa 7:40. Cha 4 moyo umesimama. Inasemekana usiku daktari alitamka kwamba "asisumbuliwe", ila faili halina hata mstari mmoja wa hayo. Tukaanza: kubonyeza mara 30 kwa pumzi 2, mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kishuke sentimita 5. Mtu akaninong'oneza nibonyeze kidogokidogo, ndugu waone tu. Maigizo hayo siyafanyi. Unamchezea marehemu na unawadanganya wafiwa. Mwenzangu wa asubuhi ndiye aliyenipokea nilipochoka, na alibonyeza kwelikweli. Dokta alitusimamisha baada ya dakika ishirini na kitu.

Chai sikunywa.

Saa 9:30. Nakabidhi. Nilimwomba dokta aongeze chini ya ile amri ya cha 9 mambo anayopaswa kupewa, akaandika: sukari ipimwe kila baada ya saa 4, maji, morfini, oksijeni akihitaji. Dada wa zamu ya jioni akasoma, akaniuliza homa ikipanda usiku afanyeje. Tukamfuata dokta kabla hajatoka, akaongeza na hiyo.