Gunia, lumbesa na Mbps: nilivyojifunza kukadiria muda wa kutuma video

Kazi yangu ni kupiga na kuhariri video za harusi na send-off hapa Mbeya. Ofisi ni chumba kimoja Mwanjelwa, hatua chache kutoka sokoni. Zamani kazi ya mteja wa mbali niliiweka kwenye flashi, nikaifunga kwenye bahasha, ikapanda basi. Siku nilipofungiwa intaneti ya waya ya Mbps 20 nikajua habari za mabasi zimekwisha.

Jumapili moja alikuja mama wa bibi harusi. Kaka yake aliyeko Mwanza hakuwahi kuja kwenye send-off, naye alitaka video nzima, si vipande vya WhatsApp. Angeondoka safarini saa kumi na moja jioni, kwenda kusiko na mtandao wa maana. Hapo ilikuwa saa nane na nusu. Faili lilikuwa GB 6. Nikachukua kikokotoo: 6,000 kugawa kwa 20, sekunde 300.

"Dakika tano tu, mama."

Akakaa kwenye benchi, mkoba mapajani. Baada ya nusu saa ule mstari wa kijani ulikuwa umesogea upana wa kidole, na pembeni yake pameandikwa 0.6 MB/s. "Mwanangu, bado tu?" Sikuwa na jibu. Nikazima kifaa cha intaneti? Hapana, nilimshukuru Mungu baadaye kwamba sikuzima. Saa kumi na moja ilipofika tulikuwa asilimia 83. Mjomba akaondoka bila video. Mama yule hakunigombeza, aliniaga kwa upole, na upole ule ndio uliniumiza.

Kesho yake asubuhi nikapiga simu kulalamika: nalipia 20, napewa 0.6. Wakamtuma fundi, dada mmoja mtulivu. Akapima mbele yangu: kushusha (kupokea kutoka mtandaoni) 20, kupandisha (kutuma) 5, kama mkataba ulivyosema. Kisha akachukua daftari langu la mapato akaandika Mb, chini yake MB, akaniuliza, "Kaka, kwenye mkataba wako hii b ni ndogo au kubwa?"

Ilikuwa ndogo. B ndogo ni biti, ile 0 au 1 moja. B kubwa ni baiti, na baiti moja ni biti 8. Watu wa mawasiliano huhesabu biti zinazopita kwenye waya kwa sekunde. Kompyuta huhesabu faili kwa baiti. Kwa hiyo Mbps 5, yaani megabiti 5 kwa sekunde, ukigawa kwa 8 unapata MB 0.625 kwa sekunde. Ile 0.6 iliyokuwa ikinitoa jasho ilikuwa sahihi kabisa. Nadhani wengi wetu tunanaswa kwa sababu tumekua na bando, na bando linauzwa kwa MB na GB, herufi kubwa. Ukihamia intaneti ya waya, kipimo kinabadilika na sauti inabaki ileile: "mega ishirini".

Kosa la pili lilikuwa kutumia 20 wakati mimi nilikuwa napandisha. Kwenye kipeperushi 20 imeandikwa kubwa kama kiganja, na 5 iko chini kwa maandishi ya kusoma kwa miwani. Hilo linanikera mpaka leo, maana mtu wa kazi yangu anaishi kwa kupandisha.

Basi nikarudia hesabu. GB 6 ni megabaiti 6,000, mara 8 ni megabiti 48,000, gawa kwa 5 ni sekunde 9,600: saa 2 na dakika 40. Lakini faili lilikuwa limechukua karibu saa 3. Zile dakika 20 zilikwenda wapi?

Hapa nilisaidiwa na soko. Mama yangu anauza viazi, nami nimekua nikisikia wakibishana: gunia au lumbesa? Yote mawili huitwa gunia, ila lumbesa limejazwa mpaka likavishwa kilemba, na mkulima analipwa kama gunia moja. Kompyuta yangu ya Windows inafanya vivyo hivyo. Kwenye mawasiliano kilo ni 1,000 na mega ni 1,000,000. Windows inahesabu kwa 1,024, kisha 1,024 tena, na tena, lakini bado inaandika GB. Ndiyo maana diski ya terabaiti 1 ukiichomeka inasoma kama GB 931. Tangu 1998 kipimo hicho kikubwa kina jina lake, gibibaiti, GiB, lakini Windows haijalichukua.

Kwa hiyo faili langu la "GB 6" lilikuwa lumbesa: baiti 6,442,450,944. Zidisha kwa 8, gawa kwa biti milioni 5, unapata sekunde 10,308, yaani saa 2 na dakika 52 hivi. Dakika chache zilizosalia ni uzito wa vifungashio, kwa sababu data husafiri katika pakiti, na kila pakiti hubeba anwani ya inakotoka na inakokwenda juu ya mzigo wenyewe.

Kwa laini yangu, nimebandika karatasi juu ya skrini: kupandisha, GB moja ya Windows, nusu saa. Kabla ya kuahidi napima kwanza kasi ya siku hiyo, kwa sababu jioni wapangaji wenzangu wakirudi, kasi hushuka.

Miezi miwili baadaye mama yule alirudi na mdogo wake, naye ana send-off ya binti. Faili lake lilitoka GB 4. "Saa mbili, mama mdogo," nikamwambia, "nenda sokoni urudi." Aliporudi na viazi vyake, mstari ulikuwa asilimia 97.