Usiku Tausi Alipougua Tumbo

Kazi ile niliipata kwa sababu silali. Nyumba yetu karibu na Molo ilichomwa siku chache baada ya matokeo ya urais wa Kenya kutangazwa tarehe 30 Desemba 2007, na tukaishia kwenye mahema ya uwanja wa maonyesho, Nakuru, pamoja na maelfu ya watu wengine. Februari wakubwa, Kibaki na Raila, walipeana mikono, tukaambiwa yameisha. Mimi kila nikifumba macho nasikia mabati yakilia kwa joto la moto. Kwa hiyo binamu yangu aliposikia kwamba shamba moja la farasi Njoro linatafuta mtu wa zamu ya usiku, alinicheka, kisha akanipeleka.

Farasi si wageni Njoro. Kabla hata ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Clutterbuck, baba yake rubani Beryl Markham, alikuwa akiwafundisha mbio huko. Ila kwetu sisi, farasi alikuwa mnyama wa wazungu na wa polisi. Sikuwa nimewahi kumgusa hata mmoja.

Saisi mkuu, yaani mkubwa wa watunza farasi, alikuwa mzee wa jamii ile nyingine, iliyopigana na yetu. Jina lake lilitosha kunijulisha. Nadhani na langu lilimtosha.

Tukawa tunaongea mambo ya farasi tu. Waingie bandani kabla jua halijatua, maana usubi wanaoeneza ugonjwa wa farasi huuma kuanzia magharibi. Kwato zichokolewe kila siku. Usimwendee farasi kwa nyuma: macho yake yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma kabisa na hapo mbele ya pua yake. "Na usimwendee umekunja ngumi mfukoni," mzee aliniambia siku moja. Nilidhani ananisema mimi, nikanyamaza. Bila shaka alikuwa ananisema mimi.

Usiku wenyewe ulikuwa wa baridi ya Njoro, ile inayoingia hadi kwenye meno. Nilimkuta Tausi, jike wa rangi ya kahawia, akigeuza kichwa kutazama ubavu wake, mara akiparura sakafu kwa kwato, mara akipiga magoti kutaka kulala. Shingo ilikuwa imelowa jasho. Nikakimbia kumwamsha mzee.

Aliweka sikio tumboni. "Kimya," akasema. Tumbo la farasi mzima halinyamazi, huguruma muda wote. Akabonyeza vidole chini ya taya, akatazama saa. Moyo wa farasi aliyetulia hupiga kama mara 28 hadi 44 kwa dakika; wa Tausi ulikuwa umepita 60. Akampigia daktari wa mifugo Nakuru, kisha akanipa kamba.

"Mtembeze polepole. Asijibiringishe. Farasi hawezi kutapika, kijana. Kilichoingia kina njia moja tu ya kutokea."

Nikavuta. Tausi akagoma, masikio nyuma, macho yametoka. Nikavuta tena.

"Unapumua?" mzee akauliza.

Sikuwa napumua. Mabega yalikuwa yamepanda hadi masikioni, na sijui yalikuwa huko tangu lini.

"Pumua wewe kwanza."

Nilipotoa pumzi ndefu, jike yule alishusha kichwa, akapiga hatua. Hapana uchawi hapo. Farasi ni windo. Maisha yake yote huishi kwa kusoma miili ya wenzake, mmoja akikakamaa wengine wanajua kuna simba. Mwili wangu ulikuwa ukitangaza simba tangu Januari. Kuna nchi watu hulipia jambo hili, kujifunza kutulia kando ya farasi, mtaalamu wa saikolojia akiwa kando, nami siwacheki.

Kila niliposahau kupumua, Tausi alisimama. Mwishowe mzee akasema, "Mwongeleshe. Mtu hawezi kuongea huku amebana pumzi."

"Nimwambie nini?"

"Chochote. Hata Kiswahili hajui."

Nikaanza na bei ya unga. Nikaenda kwa mvua, kwa ng'ombe wetu waliochukuliwa, na kabla sijajizuia nikawa nimefika kwenye mabati. Nilimsimulia farasi yote: mama alivyorudi ndani kufuata picha ya baba, sauti za majirani nilizozitambua gizani. Mzee alikuwa upande wa pili wa Tausi, anasikia kila neno. Tuliuzunguka ua mara kadhaa kabla hajasema kitu.

"Mimi nilificha watu kwenye ile stoo ya nyasi. Mwanangu hataki kuniona mpaka leo."

Tukazunguka tena.

Daktari alipofika alimdunga Tausi sindano ya maumivu, akapitisha mpira puani hadi tumboni na kumimina mafuta ya parafini, yale ya kulainisha choo, si mafuta ya taa. Alisema ni baridi: farasi hunywa maji kidogo, nyasi kavu zinagandamana ndani. Akaondoka, tukaendelea kusubiri. Kulipopambazuka Tausi aliinua mkia.

"Mavi!" mzee alipiga kelele, akarusha kofia juu. "Mavi, kijana, mavi!"

Nilicheka mpaka nikakaa chini, na yeye akakaa hapo hapo akinishikilia bega asianguke kwa kicheko. Kisha nikajilaza kwenye magunia ya pumba, nikalala hadi saa saba mchana. Nilitakiwa kubeba samadi asubuhi ile, kwa hiyo msimamizi akanikata nusu siku. Mzee alikwenda ofisini kunigombania, wakafokeana kwa muda mrefu, na hakushinda.