Siku Moja ya Mtafiti Mwenye Mkataba wa Miezi 24

Saa 2 asubuhi. Siku yangu ilianza kwa muswada wa watu wengine. Jarida moja lilimwomba msimamizi wangu auhakiki, naye akanikabidhi kwa maneno mafupi: "Upitie, utajifunza mengi." Kujifunza nimejifunza. Kwa muda wa saa tatu hivi nilizikagua mbinu zake, nikabaini kwamba sampuli ni ndogo mno kuweza kubeba hitimisho lililotolewa, nikaandika kurasa tatu za maoni. Ripoti itapelekwa kwa jina lake, na mhariri hatajua ni nani aliyeusoma muswada. Jambo hili huitwa malezi ya kitaaluma. Kwangu ni malezi pale mlezi anapoketi na anayelelewa wakaijadili ripoti, nasi hatujawahi kuketi.

Saa 5. Uchambuzi wa takwimu. Programu iligoma, nikairekebisha, ikakubali. Sina zaidi la kusimulia hapa, ingawa hii ndiyo kazi niliyoajiriwa kuifanya.

Saa 7 mchana. Kikao cha kamati ya tathmini ya utafiti, ambamo nawawakilisha watafiti chipukizi: ninayo ruhusa ya kusema, kura sina. Taasisi yetu imetia saini Azimio la San Francisco, lililoanza kuandaliwa mwaka 2012, linalotaka mtafiti asipimwe kwa kipimo cha athari cha jarida alimochapisha. Hata hivyo, fomu yetu ya kupandishwa cheo ingali na safu ya kipimo hichohicho. Nilipouliza sababu, nilishukuriwa kwa "mtazamo wa vijana", na ajenda ikasonga mbele. Kipimo chenyewe huchukua idadi ya mara ambazo makala za jarida za miaka 2 iliyotangulia zimenukuliwa katika mwaka husika, kikaigawanya kwa idadi ya makala hizo. Miaka 2 ndiyo mkataba wangu wote, kwa hiyo makala yangu itakapoanza kunukuliwa, meza hii itakuwa na mtu mwingine. Tunahimizwa tuwe chachu ya mageuzi, ilhali wanaosubiri kuambiwa ukweli na sisi ndio wanaoamua kama mikataba yetu itaongezwa.

Saa 10 jioni. Fomu ya waandishi wa makala yetu. Jarida tunalolikusudia linataka kila mwandishi ataje mchango wake kwa kufuata uainishaji wa CRediT, wenye majukumu 14. Nilizijaza safu upesi hadi nilipofika kwenye utunzaji wa data, nikasita. Kazi hiyo haikufanywa na yeyote kati yetu sita. Aliyezisafisha data, akalinganisha rekodi zilizojirudia na kugundua kosa ambalo lingetuaibisha, ni mwanafunzi wa uzamili ambaye jina lake limo katika aya ya shukrani tu, na aliyeliweka huko ni mimi. Nakumbuka hata nilivyomwambia siku ya kwanza nilipomkabidhi faili: utajifunza mengi.

Saa 2 usiku. Nilimwandikia msimamizi nikipendekeza mwanafunzi huyo awe mwandishi wa pili, nafasi ambayo hadi asubuhi ilikuwa yangu, endapo naye ataisoma rasimu na kuridhia kuwajibika kwayo. Nilieleza sababu kwa kirefu, nikatuma. Habari ya ripoti ya uhakiki sikuigusa. Barua yake ya mapendekezo nitaihitaji kabla ya mkataba kwisha.