Hita ilikuwa inapuliza baridi

Njombe mwezi wa sita hita si anasa. Ukitoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi kioo kimejaa ukungu, vidole havina habari na usukani, na kabla hujafunga mkanda mkono umeshazungusha kile kitufe kwenda kwenye nyekundu. Kwa hiyo tatizo nililiona mapema sana, ila sikulielewa. Hita ilipuliza ubaridi wa friji. Nikajisemea gari ni la 2004, vitu vinachoka. Nikavaa glavu, safari ikaendelea.

Gari lenyewe ni Subaru Forester SG5, injini ya lita mbili isiyo na turbo. Siku mbili kabla lilikuwa gereji kubadilishiwa wota pampu iliyoanza kuvuja, na thamostati nayo humo humo, kile kilango kinachozuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Fundi alimaliza giza likiingia, akajaza rejeta hadi mdomoni, akafunga mfuniko, akapangusa mikono. "Dada, limepona hilo."

Nilikuwa naelekea Makambako kuchukua mzigo wa duka. Kama kilomita ishirini hivi, kwenye mlima, mshale wa joto ukapanda kuelekea nyekundu. Nikatoa mguu kwenye mafuta, ukaanguka ghafla. Nikakanyaga tena, ukapanda. Nikaegesha, nikazima, nikakaa pembeni ya barabara nikiangalia mashamba ya chai na kujiuliza ni kwa nini sikupanda basi. Maji ya lita saba hayawezi kupoa na kuchemka kwa sekunde kumi. Hilo peke yake lilipaswa kunishtua.

Nikampigia fundi. Hakuuliza swali hata moja. "Subaru hiyo. Gasketi ya silinda hedi imekwenda. Lete tufungue." Gasketi hiyo ndiyo inayoziba kati ya bloku ya injini na kichwa chake, na bei aliyotaja nisingeweza kuitoa hata nikiuza mzigo wote wa Makambako. Kuna mafundi wakisikia neno Subaru wanashika spana ya silinda hedi kabla hujamaliza sentensi.

Nikampigia baba. Mzee aliendesha malori ya Zambia miaka mingi, na njia hii yote mpaka Tunduma anaijua kwa kona. Yeye aliuliza swali moja tu.

"Hita inapuliza nini?"

"Baridi, baba."

"Baridi kabisa, au vuguvugu?"

"Kabisa."

Akacheka, kile kicheko chake cha kuudhi. "Basi humo hamna maji. Kuna upepo."

Hita ni rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, na inapata joto kwa maji yale yale yanayozunguka kwenye injini. Wota pampu inasukuma maji vizuri sana, lakini hewa haiiwezi, inaizungusha tu papo hapo. Sasa hewa ikikaa kwenye bomba la juu, maji yakifika pale yanakwama, hita inabaki baridi huku injini inaungua. Na mshale unaocheza nao una sababu yake: kile kitambuzi cha joto kinaguswa na maji, mara mvuke, mara hakiguswi na chochote, kwa hiyo kinatoa habari za uongo. Kuna wakati kinaonyesha injini imepoa na kumbe imekauka. Huo ndio mshale wa kuogopa zaidi.

Hapo nikaikumbuka ndoo. Fundi alikinga maji ya zamani kwenye ndoo ya lita kumi, yakavuka nusu. Aliporudishia alitumia kidumu cha lita tano na kikabaki na maji ndani, nayaona mpaka leo. Tuseme lita mbili hazikurudi. Mahali pake pamekaliwa na nini?

Niliacha injini ipoe saa nzima, nikaongeza maji yaliyokubali kuingia, nikarudi Njombe polepole nikisimama kila mara.

Jioni nikaanza kujifanya fundi. Nilitazama video mbili tatu, zote zinasema kitu kimoja: fungua mfuniko wa rejeta, washa gari, subiri mpaka feni iwake, hapo hewa itakuwa imetoka. Nikamwaga yale maji, nikajaza mapya ya bomba, nikawasha, nikasimama na chupa yangu iliyokatwa kama faneli. Dakika kumi na tano. Mapovu machache. Feni kimya. Halafu bila hodi, maji yakaruka juu kama chemchemi, yakalowanisha boneti, betri na kanga yangu. Bahati yangu nilikuwa nimeinama kuokota kitambaa.

Ilinichukua usiku mzima kuelewa, na hili sijaliona kwenye video yoyote. Wale watu wako pwani au tambarare. Njombe tuko karibu mita elfu mbili juu ya bahari, na maji matupu yasiyobanwa huku yanachemka kwenye nyuzi 93 au 94. Feni ya gari hili inasubiri nyuzi 95 hivi. Yaani mfuniko ukiwa wazi, maji yangu yanachemka kabla feni haijafikiria kuwaka! Yale mapovu ya mwisho niliyokuwa nayashangilia hayakuwa hewa inayotoka, ulikuwa mvuke. Mfuniko ukifungwa hali ni nyingine, kwa sababu unabana maji na kuyafanya yavumilie kupita nyuzi 110. Na kulanti, ile dawa ya rangi ya kuweka kwenye rejeta, ikichanganywa na maji nusu kwa nusu inaongeza nyuzi saba au nane, hata bila mfuniko. Nilikuwa naona kulanti ni maji ya rangi ya kuuzia watu. Nimeitubia.

Kesho yake nikaanza upya, injini ya baridi. Nikapandisha gari kwenye kile kimlima cha nyuma ya nyumba, pua juu, mawe kwenye matairi ya nyuma. Hewa inataka kwenda juu, basi mdomo wa rejeta uwe ndiyo juu. Hita nikaiweka kwenye moto wa mwisho.

Kitu cha kwanza kilichonipa raha: nilichomoa ile hozi kubwa ya juu upande wa rejeta, nikainyanyua, nikamimina kulanti humo humo, polepole, ikishuka moja kwa moja kwenye injini. Unasikia kabisa: glu, glu, kimya, halafu glu kubwa moja. Nikaikamua hozi kama mtu anayekamua ng'ombe, ikameza tena nusu lita. Injini ya Subaru silinda zake zimelala, na ukijaza kupitia rejeta peke yake hewa inabaki imejificha kule kwenye mabomba ya juu ya injini. Hapa niliikuta kwake.

Kitu cha pili: juu ya rejeta, upande wa pili mbali na mfuniko, kuna skrubu ya plastiki yenye kichwa cha msalaba. Nilikuwa nimeiona miaka minne bila kujua kazi yake. Ile ni ya kutolea upepo. Niliifungua taratibu, maana plastiki ya zamani inakatika ukiitazama vibaya, nikajaza rejeta mpaka kulanti ikachungulia pale kwenye tundu bila povu, nikafunga.

Kisha nikawasha. Sikusubiri feni. Nilishika hozi ya chini ya rejeta na kusubiri ipate moto, ishara kwamba thamostati imefungua. Kiwango kikashuka ghafla, nikaongeza. Nikamwambia mdogo wangu apige resi mpaka elfu mbili na nusu, aachie, apige tena. Kila akiachia linatoka povu moja kubwa, la uvivu. Yalipokuwa madogo madogo na machache nikafunga mfuniko na kuliacha lingurume mpaka feni ikawaka yenyewe, ikazima, ikawaka tena. Tanki dogo la akiba nikaliacha kwenye mstari wa juu, ili injini ikipoa ivute kutoka humo.

Mdogo wangu akapiga kelele kutoka ndani: "Inachoma miguu!" Hita.

Jumla iliingia lita sita na nusu. Asubuhi yake, injini ya baridi, tanki lilikuwa limeshuka kama kikombe. Siku ya tatu halikushuka tena. Kama lingeendelea kushuka, au hozi zingekuwa ngumu kama jiwe dakika moja tu baada ya kuwasha, au oili ingegeuka rangi ya chai ya maziwa, ningemrudia fundi na gasketi yake bila ubishi. Na mfuniko sikuwahi kuugusa kabla sijaweza kuiminya hozi kwa mkono mtupu. Ikikataa kuminyika, ngoja.

Baba aliposikia alisema sasa toa na thamostati uitupe, wao kwenye malori waliitoa. Hapo nimemkatalia. Kwa baridi hii injini isiyo na thamostati ingefika Makambako bado inatetemeka, na hita ningeisahau.

Fundi alipita jana, nikamwandalia chai. Nikafungua boneti nikamwonyesha ile skrubu. Akaigusa kwa kidole, akaikagua, akatoa simu akaipiga picha.

"Mi nilidhani ni ya kushikia rejeta," akasema.