Msiogope karatasi za mwalimu wa spichi

Nimetoka shifti ya usiku asubuhi hii, sijavua hata viatu, simu inaita. Dada mmoja Mrundi tunasali naye, analia. Shule imempa karatasi za binti yake wa miaka sita, wanaomba ruhusa mwalimu wa spichi, yule anayesaidia watoto kutamka na kuongea, ampime usemi, mume wake kakataa, na watu wamemjaza maneno kwamba akisaini tu mtoto ataandikwa taahira na mwisho serikali itamchukua. Jamani nimekasirika mpaka usingizi umeruka. Sio yeye aliyenikasirisha, ni hayo maneno, maana na mimi niliambiwa hivo hivo miaka minne iliyopita na nikampotezea mwanangu karibu mwaka mzima.

Sisi tuko Columbus, Ohio, huku Marekani. Tulitoka Mwanza kijana wangu ana miaka mitatu na nusu na alikuwa haeleweki. Kuku kwake ni "tutu", kaka ni "tata", gari ni "dali". Mimi na baba yake tunamuelewa, mgeni akija haambulii kitu. Na mnajua ushauri wa nyumbani ulivyo, huyu anasema watoto wa kiume huchelewa msubirini, mama mkwe anasema akatwe kimeo, shangazi yake anasema ana udata akatwe chini ya ulimi, jirani anajua bibi mmoja Igoma ana wembe wake. Sikukata chochote, namshukuru Mungu, ila nilisubiri na kusubiri.

Alipoanza chekechea hapa, mwalimu wa darasa akaniita. Kiingereza cha kasi, nikaambulia lile neno la elimu maalum, kichwani kwangu ikawa tayari, wanampeleka mwanangu kitengo. Mnajua kwetu ukisema kitengo watu wanaona nini, darasa la pembeni, viziwi na wenye mtindio wa ubongo na mwanao wote humo, mwalimu mmoja anayejitahidi na nguvu zake zote, na mtaa mzima unajua mtoto wa fulani anasoma kitengo. Nikasema hapana, karatasi nikaitupia kwenye droo ya vijiko.

Halafu kuna mtu mwingine pale shuleni, sio wa spichi, akaniambia mnamchanganya mtoto, acheni Kiswahili nyumbani. Nikamtii. Miezi mitano naongea na mwanangu kwa Kiingereza changu cha kazini, kile cha kumgeuza mzee kitandani na kumuuliza kama anaumwa wapi, ndio nilikuwa nalelea nacho mtoto. Hadithi hamna, utani hamna, kubembeleza hamna. Mtoto akazidi kunyamaza. Bibi yake akipiga video anajificha nyuma ya kochi. Hilo linaniuma hadi leo.

Nikaenda kliniki ya binafsi kimya kimya. Kipimo kimoja dola 480, bima yangu ikakataa, na kila kikao cha dakika 45 dola 165. Mimi nalipwa kwa saa. Pigeni wenyewe kwa shilingi mjue hiyo ni ada ya nani na kwa muda gani. Nililipa ile ya kipimo kidogo kidogo mpaka ikaisha, vikao sikuvianza kabisa. Na muda wote huo huduma ile ile ilikuwa imelala kwenye droo yangu ya vijiko, bure.

Sasa nisikilizeni mlioko huku na mnaojiandaa kuja na watoto. Nchi hii ina sheria tangu 1975, aliisaini Rais Gerald Ford, siku hizi inaitwa IDEA. Mtoto mwenye ulemavu au tatizo linalomkwamisha kwenye masomo, kuanzia miaka 3 mpaka 21, shule ya serikali lazima impe anachohitaji bila mzazi kutoa senti. Usemi na lugha vimo. Kwa kawaida hawampimi bila saini yako, na ukishasaini saa inaanza kuhesabu, siku 60 kwa kawaida, baadhi ya majimbo yana hesabu zao. Kipimo kikiisha mnakaa kikao, mkikubaliana unaandikwa mpango wa mtoto wako peke yake, wanauita IEP, unaangaliwa kila mwaka. Kuanza huduma nako kunataka saini yako nyingine. Ukibadili mawazo unaandika barua, wanaacha. Hakuna anayenyang'anywa mtoto kwa sababu hatamki k. Na msiokuwa na makaratasi ya kuishi hapa mnaoogopa kwenda hata kumwandikisha mtoto, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua 1982 kwenye kesi ya Plyler na Doe kwamba shule ya serikali haimfungii mlango mtoto kwa sababu hiyo.

Mkalimani pia ni haki yenu, ombeni mapema. Ila semeni ni Kiswahili cha wapi. Kikao changu cha kwanza waliniletea kijana wa Bukavu kwa simu, mzuri sana, ila yeye ni "batoto" na "mvula", mimi ni watoto na mvua, ikabidi mara nyingine tuulizane wenyewe kwa wenyewe huku Wazungu wanatutazama.

Huyo mwalimu wa spichi mwenyewe sasa, baada ya kuitoa ile karatasi kwenye droo nikasaini. Chumba chake kilikuwa stoo ya michezo, mipira bado iko juu ya kabati, mezani kioo kidogo na kadi za picha. Kabla hajamgusa mtoto aliongea na mimi karibu saa nzima. Akaniuliza, kwa Kiswahili anasemaje? Hakuna mtu nchi hii aliyewahi kuniuliza hilo. Nikamwambia tutu, tata, dali. Akaandika moja moja, akasema sauti za nyuma ya kinywa, k na g, anazileta mbele zinakuwa t na d, na anafanya hivo kwa lugha zote mbili, kwa hiyo tatizo sio Kiingereza na sio Kiswahili. Akauliza r na l. Nikamweleza baba yake Mkurya kwao l inageuka r, mimi Msukuma kwetu r inageuka l, mtoto kakulia katikati. Akasema hiyo ni lafudhi ya nyumbani, haitibiwi. Hata kusema "buku" na "bedi" akasema sio ugonjwa, maneno ya Kiswahili yanaishia na irabu. Akaniambia zamani kule California watoto wa Kimeksiko walipimwa akili kwa Kiingereza wakasukumwa kwenye madarasa ya wenye ulemavu wa akili, wazazi wakashtaki, kesi ya Diana, 1970, na sasa sheria inataka mtoto apimwe kwa lugha anayoijua. Mwisho akasema, mama, leo ukifika nyumbani ongea Kiswahili. Nililia pale pale.

Alimlaza chali kwenye mkeka ili ulimi urudi nyuma wenyewe, akamwambia kohoa kama babu, akamsukutulisha maji, tena na tena wiki tatu mpaka k ikatoka peke yake. Ndipo akaniomba maneno ya nyumbani. Nikaandika nyuma ya risiti: kuku, kaka, kikombe, keki. Kesho yake kashayatengenezea kadi za picha. Mwezi wa tano mwanangu kamwambia bibi yake kwenye simu "kuku", bibi akaenda kumshika jogoo wake akamletea kwenye kamera.

Na darasani hakuhamishwa. Alikuwa anatolewa nusu saa mara mbili kwa wiki, na wenzake wawili, basi.

Siwadanganyi kwamba kila kitu ni kizuri. Huyo mwalimu wa spichi alikuwa na watoto zaidi ya hamsini shule mbili, akiumwa kikao hakuna, likizo ndefu kwetu ilikuwa kimya kabisa. Ukinyamaza unasahaulika, andika barua pepe, omba nakala ya kila karatasi. Na sio k tu, wanashughulika na kigugumizi, kithembe, mtoto asiyeelewa anachoambiwa, asiyeongea kabisa anafundishwa kuongea kwa tableti. Mwenye mdogo wake anasoma isimu au ualimu amwambie kuna kazi hii, inataka masters, saa 400 za mafunzo, mtihani wa Praxis, kisha karibu miezi tisa chini ya usimamizi. Ni ngumu, ila anayejua Kiswahili hapa wanamtafuta kwa tochi.

Yule dada nimempigia tena mchana. Jumatano naenda naye shule, mume amesema na yeye atakuja asikilize. Nimemwambia aandike vitu vya nyumbani binti anavyovitaja kila siku kwa Kirundi, na pembeni aandike jinsi binti anavyovitamka, mwalimu atauliza. Jioni hii ameanza kunitumia. Ya kwanza inkoko, yaani kuku, ya pili inka, ng'ombe.