Siku moja bandani: fildi yangu ya kilimo na nishati, Nanenane Mbeya

Saa 11:30 alfajiri. Agosti ya Mbeya haina huruma. Navaa sweta mbili, juu yake fulana ya banda, kwa sababu msimamizi anataka fulana ionekane. Mama mdogo ninayekaa kwake Ilomba ananikabidhi kikombe: "Haya mhubiri wa gesi ya mavi, chai yako imechemka kwa mkaa." Sina jibu. Nakunywa, nakimbilia daladala za Uyole.

Saa 1 asubuhi nipo viwanja vya John Mwakangale na toroli, napita mabanda ya mifugo kuzoa kinyesi kabla hakijakanyagwa. Vijana wa ng'ombe wa maziwa wameshanizoea. "Dada, hivi chuo gani hicho kinafundisha kuzoa mavi?" Nasoma ugani, nawaambia, na ugani ndio huu.

Kinyesi nakichanganya na maji, ndoo kwa ndoo, natoa majani na vijiwe, navuruga mpaka kiwe kama uji, ndipo namimina kwenye tundu la mtambo wa biogesi, yaani gesi ya kupikia itokanayo na samadi. Kuba lenyewe lipo chini ya ardhi, la matofali na saruji. Mle ndani hamna hewa, na bakteria wasiohitaji hewa wanaila samadi na kutoa gesi ambayo zaidi ya nusu yake ni methani. Nikishamimina nanawa. Nanawa tena.

Saa 3 wageni wanaanza kuingia. Mbele ya banda tumesimamisha bango kubwa: ifikapo 2034, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Ni lengo la taifa, na mimi nimeandaliwa maneno ya kulisindikiza: moshi, mapafu, misitu. Watu wanasoma bango, wanatikisa kichwa kwa adabu, wanaenda kutazama matrekta.

Wanaosimama husimamishwa na jiko. Nimebandika maharage, moto ni wa bluu, sufuria chini haina masizi. Mama mmoja amenusa sufuria, akanusa jiko, kisha akaninusa mimi. "Chakula hakichukui harufu?" Nikampa kijiko aonje. Akaonja, akamwita mwenzake naye aje aonje. Kufika saa 5 maharage yalikuwa yamebaki nusu.

Swali gumu la siku liliulizwa na mama aliyetoka Makete. "Mwanangu, huku kwenu kuna jua. Kule kwetu maji ya kwenye ndoo yanaganda usiku. Hao wadudu wako watafanya kazi?" Nilimgeukia msimamizi, na namshukuru kwamba hakumpamba yule mama kwa maneno. Alimwambia bakteria hawa hustawi kwenye joto la nyuzi 35 hivi. Baridi ikizidi wanazubaa na gesi inapungua. Kwa hiyo asipimiwe mtambo kwa kipimo cha mtu wa Kyela. Ajenge mkubwa zaidi, mahali penye jua, maji ya kuchanganyia ayaanike juani kwanza, na bado Juni na Julai aweke kuni za akiba. Ng'ombe wawili wa ndani wanatosha jiko la familia, lakini baridi kama ile ni heri kuwa na watatu. Mama akaandika yote kwenye simu.

Saa 7 wali maharage, wima.

Saa 8 nashika meza ya ethanoli, mwenzangu kaenda kula. Hapo kuna chupa ya punje za mahindi, chupa ya molasi na chupa ya kimiminika cheupe kama maji. Mzee mmoja mkulima wa Mbozi akasimama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Hii nini?"

Nikamweleza: wanga wa mahindi unageuzwa sukari, sukari inachachushwa na hamira, kisha pombe inakenekwa.

"Binti, hiyo si gongo?"

Watu wakaangua kicheko, na kwa kweli mzee alikuwa sahihi kuhusu njia yake. Tofauti ni kwamba hii hukaushwa maji karibu yote na kutiwa dawa isinyweke, halafu inachanganywa na petroli. Petroli nyingi ya Marekani ina asilimia 10 ya ethanoli, nyingi ikitokana na mahindi. Brazili wanatumia zaidi miwa. Mzee akataka hesabu. Gunia la kilo 100 linatoa lita 40 hivi, na mabaki yenye protini, kama kilo 30, yanakuwa chakula cha mifugo. Akanyamaza akipiga hesabu ya bei ya gunia, akauliza, "Mnanunua?" Hatununui, tunaonesha tu. Akaondoka bila kuaga vizuri, na simlaumu. Mimi mwenyewe moyo wangu upo kwenye molasi, ambayo ni masalia ya viwanda vya sukari. Mahindi ya Nyanda za Juu Kusini yana midomo mingi inayoyasubiri.

Saa 10 mkulima wa viazi alizunguka nyuma ya banda, akakuta ndoo ya tope linalotoka kwenye mtambo. Akachovya kidole. "Mbona hainuki?" Nikamwambia hiyo ni mbolea: gesi imetoka, naitrojeni imebaki, wakati samadi inayoanikwa juani hupoteza sehemu yake hewani. "Kumbe gesi ni nyongeza tu!" akasema, akawaita wenzake watatu. Watu wanaojua bei ya mfuko wa mbolea hawahitaji kuhubiriwa. Walinibana maswali mpaka viatu vikaingia tope: debe ngapi kwa shimo, limwagwe lini, linafaa parachichi? Mmoja aliomba kidumu aende nalo, akaondoka na "ndaga fijo", asante sana ya Kinyakyusa.

Saa 12 jioni, kikao cha kufunga siku. Nikapendekeza ndoo ya tope ikae mbele na bango lirudi nyuma. Msimamizi akasema bango limelipiwa, haliwezi kufichwa. Tukakubaliana: bango libaki, ndoo iwekwe miguuni pake, na kesho nije na vidumu vidogo vya kugawa. Sasa natafuta mtu wa Mwanjelwa anayeuza vidumu vya lita moja kwa bei ya jumla.